Nani Alisema Udongo ni Umaskini?

Kuna imani iliyoota mizizi miongoni mwetu: nyumba ya kisasa ni tofali la saruji na bati, na anayejenga kwa udongo ameshindwa maisha. Ni imani ya uongo, na tunailipia kila mwezi kwenye luku ya umeme.

Ingia saa nane mchana, mwezi Februari, katika chumba cha tofali la inchi sita Dar es Salaam, bati juu, dari hakuna. Ukuta unaunguza kiganja. Usiku unaingia, joto halitoki, na feni inazungusha hewa ileile ya moto. Kisha nenda Lamu, au Mji Mkongwe wa Zanzibar. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, nyingine zikifikia unene wa nusu mita, hupigwa jua kutwa na ndani kumepoa. Waliozijenga walikuwa matajiri wa Bahari ya Hindi, si mafukara. Sisi ndio tuliokuja kuzipiga plasta ya saruji isiyopumua, unyevu ukakwama ndani, kuta zikaanza kuoza. Na tembe la Wagogo, udongo ukutani na udongo paani, lilishinda jua la Dodoma kabla ya lori la kwanza la saruji kufika.

Leo tuna matofali ya udongo ya kufungamana, ambayo Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi uliyahimiza kwa miaka mingi. Fundi anayejua kazi hujaza udongo uliolowa kwenye kisanduku cha sentimita 60, huuacha ukauke, kisha hupima umesinyaa kiasi gani. Kipimo hicho ndicho kinachomwambia aweke saruji kiasi gani. Tofali hushindiliwa kwa mashine ya mkono, hukomazwa kivulini kwa maji, halichomwi. Ukutani matofali yanashikana yenyewe, na mifuko mingi ya saruji inabaki dukani. Saruji huchangia takriban asilimia 8 ya hewa ukaa inayozalishwa na binadamu duniani. Tofali la kuchoma nalo lisitudanganye kwa wekundu wake: tanuri lake linameza miti.

Mtasema nyumba ya udongo huanguka masika. Huanguka ile isiyo na msingi wa mawe wala upenu wa kutosha. Kosa hilo ni la mjenzi.

Unayejenga mwaka huu, pima udongo wa kiwanja chako kabla hujaagiza tofali hata moja. Na ukiezeka bati, weka dari.