Jasho Likishakauka

Apandaye vilima vya Kisii na Nyamira kwa baiskeli ili wahitaji wachangiwe, kafanya jema la kusifiwa. Lakini jasho likishakauka ndipo kazi huanza. Wagusii tangu jadi wana risaga, yaani ujima wa kulimiana: leo kwako, kesho kwa jirani, na hakuna shamba linalolimwa mara moja likatosha maisha. Harambee nayo, wito wa taifa letu tangu 1963, isiishie siku ya makofi. Kabla ya kupanga safari ya pili, wachangaji wasomewe hesabu ya kwanza: kilichopatikana, kilichotumika, kilichosalia. Kisha kitolewe kidogo kila mwezi. Sisi wa pwani twaijua sadaka yenye kuendelea: kisima cha wakfu hunywesha watu hata aliyekichimba akiwa kaburini.