Filamu za Kilimanjaro: Mlima wapata jina, wenyeji wapata nini?

Na Mwandishi Wetu, Moshi

KWA zaidi ya miaka 70 sasa, jina la Mlima Kilimanjaro limekuwa likipamba mabango ya sinema katika miji mikubwa ya dunia, na wapo waongozaji na watayarishaji wa filamu waliojiongezea umaarufu kupitia jina hilo. Hata hivyo, katika vijiji vya Marangu, Machame na vinginevyo vilivyoko chini ya msitu wa mlima huo, swali limebaki lile lile: wenyeji wananufaika vipi na kazi hizo?

Jibu linategemea kwanza kama mtengeneza filamu alifika mlimani au alichukua jina tu.

Filamu ya 'The Snows of Kilimanjaro' ya mwaka 1952, iliyoongozwa na Mmarekani Henry King kutokana na hadithi ya Ernest Hemingway ya mwaka 1936, ilijaza kumbi za sinema na kumng'arisha zaidi mwigizaji Gregory Peck. Lakini sehemu kubwa ya filamu hiyo ilipigwa studio nchini Marekani. Mwaka 2011, Robert Guédiguian wa Ufaransa naye alitoa filamu yenye jina hilo hilo kwa Kifaransa. Hadithi yake inahusu wafanyakazi wa bandari ya Marseille waliopunguzwa kazini, na Kilimanjaro ni safari tu ambayo mzee mmoja na mkewe wanazawadiwa, kisha wanaporwa na majambazi.

Jina, kwa hiyo, linaweza kuzunguka dunia bila mwenye jina kupata hata senti moja.

Hali huwa tofauti kikosi cha filamu kinapofika chenyewe. Jirani na Kilimanjaro, chini ya Mlima Meru, muongozaji Howard Hawks alipiga filamu ya 'Hatari!' iliyotoka mwaka 1962, akiwa na mwigizaji John Wayne. Mwigizaji mwenzake kutoka Ujerumani, Hardy Krüger, alivutiwa na eneo la Momella, akanunua shamba na kuishi huko kwa miaka kadhaa. Krüger alifariki dunia mwaka 2022, lakini hoteli ya kitalii iliyopo Momella bado inabeba jina la filamu hiyo.

Kwa upande wa Kilimanjaro yenyewe, mfano wenye uzito zaidi ni wa Mmarekani David Breashears, aliyefariki dunia mwaka 2024. Huyu hakuwa mtu wa studio. Mwaka 1996 alifikisha kamera nzito ya IMAX katika kilele cha Everest, na filamu iliyotokana na safari hiyo ilimpa sifa duniani kote. Mwaka 2002 akatoa 'Kilimanjaro: To the Roof of Africa', inayoonyesha safari kutoka msituni hadi kilele cha Uhuru, mita 5,895 juu ya usawa wa bahari.

Tofauti na wengi waliomtangulia, Breashears alimweka mbele ya kamera Jacob Kyungai, mwongoza wageni wa Kichagga, akiwa kiongozi wa msafara na mtu mwenye jina lake. Mtazamaji aliyeketi Chicago au London alipata kujua kwamba juu ya mlima ule mgeni humfuata mwenyeji.

Serikali nayo imejaribu njia yake. Marekebisho ya sheria ya filamu ya mwaka 2019 yaliwataka watengeneza filamu wa kigeni wakabidhi kwa Bodi ya Filamu picha ghafi pamoja na nakala ya kazi iliyokamilika, ili nchi iweze kuzitumia kujitangaza. Mwaka 2021, Rais Samia Suluhu Hassan alishiriki mwenyewe katika filamu ya 'Royal Tour' akiwa na mtangazaji wa Marekani, Peter Greenberg, na filamu hiyo ikazinduliwa New York Aprili 2022.

Hatua hizo zinalenga kuleta watalii, na mtalii anapokuja, mpagazi hupata mzigo. Lakini kubeba kamera na kuishika ni kazi mbili tofauti.

Kwamba Mtanzania anaweza kuishika si jambo la kubishaniwa tena. Amil Shivji aliipeleka 'Vuta N'kuvute', iliyotokana na riwaya ya Shafi Adam Shafi, katika Tamasha la Filamu la Toronto mwaka 2021, na mwaka uliofuata ikachaguliwa kuiwakilisha Tanzania katika kinyang'anyiro cha tuzo za Oscar. Hiyo ni hadithi ya Zanzibar, iliyosimuliwa kwa Kiswahili.

Kilimanjaro bado haijampata msimulizi wa namna hiyo mwenye jina duniani. Kila kikosi cha kigeni kinachopita lango la Marangu au Machame huhitaji mikono mingi, na huo ndio wakati wa mamlaka husika kudai kwamba baadhi ya mikono hiyo ifundishwe kazi ya picha na sauti. Bila hivyo, miaka 70 mingine itapita, mlima ukiendelea kuwatajirisha wageni kwa sifa, huku kijana wa Moshi akishuka nao na ujira wa mzigo aliobeba.