Anayesema uhai ni wa Mungu ana deni kwa mgonjwa

Tarehe 20 Juni 2025, wabunge wa Uingereza walipitisha kwa kura 314 dhidi ya 291 mswada wenye uzito usio wa kawaida. Mswada huo, uliowasilishwa na Bi Kim Leadbeater, ulikusudia kumruhusu mtu mzima wa England au Wales, mwenye ugonjwa usio na tiba na anayetarajiwa kufa katika muda wa miezi sita, apewe dawa ya kuyakatiza maisha yake, aimeze kwa mkono wake mwenyewe. Mnamo Novemba 2024 mswada uo huo ulikuwa umepita kwa kura 330 dhidi ya 275. Katika miezi saba, basi, tofauti ilipungua kutoka kura 55 hadi 23. Kutoka hapo ulipelekwa katika Bunge la Malodi, ambamo maaskofu 26 wa Kanisa la Uingereza huketi kwa haki ya vyeo vyao.

Yamkini msomaji atauliza: hayo yatuhusu nini sisi? Yatuhusu kwa kuwa sheria yetu ya jinai ni mtoto wa sheria yao. Kifungu cha 225 cha Kanuni ya Adhabu kinamtishia kifungo cha maisha yeyote amsaidiaye mwenzake kujiua. Waingereza wenyewe waliacha kumshtaki aliyejaribu kujiua mwaka wa 1961; sisi tuliushikilia urithi huo hadi Januari 2025, Mahakama Kuu jijini Nairobi ilipoamua kwamba kifungu cha 226 kinakiuka Katiba. Kifungu cha 225 hakikuguswa. Iko siku mgonjwa au daktari atakipeleka mahakamani, na itakuwa aibu ikiwa siku hiyo itatukuta hatujafikiri.

Mimi ni mwanaisimu, na desturi ya watu wa taaluma yangu ni kuyatazama maneno kwanza. Huko London wanaounga mkono mswada husema "kusaidiwa kufa", nao wanaoupinga husema "kusaidiwa kujiua". Aliyekubali jina moja kati ya haya mawili amekwisha kukubali nusu ya hukumu. Neno "eutanasia" nalo, ambalo vitabu vyetu vimelikopa, kwa Kigiriki lina maana ya kifo chema. Na nani atapinga wema?

Kiswahili kina la kusema hapa ambalo sijaona likitajwa. Kitenzi "kufa" kimezaa "kufisha" na "kufiwa". Katika lugha ya ibada, misikitini na makanisani, mtenda wa "kufisha" ni Mungu: Yeye huhuisha na kufisha. Mwanadamu hafishi, huua. Kwa hiyo sheikh au padre anaposema kwamba daktari hana mamlaka ya kukatiza uhai, haleti fundisho geni masikioni mwetu, kwani mgawanyo huo umo katika matumizi ya lugha tunayoisema tangu utotoni. Ama "kufiwa" hutukumbusha jambo ambalo watetezi wa haki ya mtu binafsi hulisahau, kwamba kifo cha mmoja huwapata wengi. Mjane amefiwa, mtoto amefiwa, jirani amefiwa. Hoja kwamba kifo changu ni changu pekee ina shida ya kutamkika kwa Kiswahili. Sisemi kwamba sarufi ni sheria ya maadili. Nasema tu kwamba mjadala huu ukija kwetu hautakuja katika nyumba tupu.

Wanafunzi wangu wengi, na walimu kadhaa niliozungumza nao, hudhani dini zinafundisha kwamba mgonjwa lazima ateseke na mashine lazima ziendelee kunguruma hadi pumzi ya mwisho. Sivyo hata kidogo. Papa Pius XII aliwaambia madaktari mwaka wa 1957 kwamba inafaa kumpa mgonjwa dawa ya kutuliza maumivu hata kama yaweza kuyafupisha maisha yake, ilimradi nia ni kutuliza wala si kuua, na kwamba hakuna wajibu wa kutumia njia zisizo za kawaida kumzuia afaye asife. Wataalamu wa Kiislamu wa tiba waliokutana Kuwait mwaka wa 1981 walifikia msimamo wa karibu na huo: daktari asichukue hatua ya kumwua mgonjwa, lakini pia asijione amefungwa kuurefusha mchakato wa kufa. Kinachokatazwa na wote wawili ni kuua kwa makusudi. Kumwacha aende, anapokuwa tayari anaenda, ni jambo jingine.

Lakini viongozi wa dini nchini Uingereza hawakuegemea sana hoja hii. Mnamo Novemba 2024 Wakristo, Waislamu, Wayahudi, Wahindu na Wasikh walitia sahihi barua moja, na hofu yao kuu ilikuwa kwamba haki ya kufa itageuka kuwa wajibu wa kufa kwa mzee anayejiona mzigo. Wapo waliowacheka kwamba wameficha Mungu mfukoni. Mimi naiona hoja hiyo kuwa nzito kuliko zote. Kanada iliruhusu jambo hili mwaka wa 2016 kwa wale ambao kifo chao kilikuwa kikitarajiwa; kufikia 2021 sheria ilikuwa imepanuliwa kuwafikia wagonjwa ambao kifo chao hakiko karibu. Na hiyo ni nchi tajiri, yenye bima ya afya kwa wananchi wote. Hapa kwetu, ambapo ugonjwa wa mmoja huuza ng'ombe, kisha shamba, kisha humtoa mtoto shuleni, mgonjwa akiulizwa anataka nini, atajibu yeye au litajibu deni la hospitali? Kwa sababu hii, na si kwa sababu ya mimbari yoyote, ningepinga mswada kama ule ukiletwa katika Bunge letu leo.

Hata hivyo siwezi kuishia hapo, kwa maana adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Askofu Desmond Tutu, ambaye hakuna atakayemwita mpotovu wa imani, aliandika mwaka wa 2016, akiwa na umri wa miaka 85, kwamba yeye mwenyewe angetaka kuwa na hiari hiyo. Mwaka mmoja kabla, wakili Robert Stransham-Ford, mgonjwa wa saratani, aliiomba Mahakama Kuu ya Pretoria imruhusu daktari amsaidie. Ruhusa ilitolewa tarehe 30 Aprili 2015, saa chache baada ya yeye kufa bila kuipata habari, na Mahakama ya Rufaa ikaitangua Desemba 2016.

Shangazi yangu hakuwa wakili. Saratani ya mlango wa kizazi ilimrudisha kijijini kutoka hospitali moja ya wilaya na vidonge ambavyo mtu humeza akiumwa na kichwa. Mchungaji alipokuja kumwombea na kumsihi avumilie, alimjibu kwa heshima: "Mchungaji, mwombe anichukue leo." Hakuna aliyemkemea. Hakutaka sisi tumwue. Alimtaka mwenye kufisha afishe. Alisubiri majuma matano, na tulijifunza kulala kwa zamu kwa sababu ya kilio chake.

Dawa ya kilio kile ilikuwapo duniani. Cicely Saunders, Mwanglikana mcha Mungu aliyepinga eutanasia maisha yake yote, alifungua hospisi ya St Christopher's jijini London mwaka wa 1967 ili aonyeshe kwamba maumivu ya mwisho yaweza kutulizwa. Hospisi ya Nairobi ilianzishwa mwaka wa 1990. Jirani zetu wa Uganda, tangu Hospice Africa ianzishwe huko mwaka wa 1993, wamekuwa wakichanganya unga wa mofini na maji na kumpa mgonjwa anywe nyumbani. Mwaka wa 2004 waliwaruhusu wauguzi waliofunzwa kuiandika dawa hiyo, kwa kuwa madaktari hawatoshi vijijini. Dawa yenyewe si ya bei ghali. Kinachokosekana aghalabu ni kibali, muuguzi aliyefunzwa, na mtu mwenye sauti wa kuidai.

Na sauti wanayo. Makanisa yanaendesha hospitali na zahanati nyingi za nchi hii, hasa mashambani, na misikiti nayo inasikilizwa. Askofu au sheikh anayesema uhai si mali yetu anasema neno zito, lakini akilisema mbele ya mgonjwa anayelia bila dawa amemwongezea mzigo na kuondoka. Ningependa kabla ya tamko lijalo la kupinga "utamaduni wa kifo" wa Wazungu, kila kiongozi aulize mofini ya wiki hii iko wapi katika hospitali ya dhehebu lake, na nani anaipeleka kwa mgonjwa aliyerudishwa nyumbani.

Walimu wanaotayarisha midahalo ya muhula huu, ambao najua watachagua mada ya kusaidiwa kufa kwa kuwa vijana huipenda, wawape pia wanafunzi kazi moja ya nje: waende katika kituo cha afya kilicho karibu wakaulize swali hilo hilo.