Kanda za Harusi Kabatini



Tulipokuwa tukipanga kabati la marehemu shangazi yetu, Kibokoni, tulikuta kanda 14 ndani ya mkebe wa biskuti. Nyingi hazikuwa na jina. Moja iliandikwa tu, "Harusi, siku ya pili".

Zilitukumbusha habari za Watuareg wa Jangwa la Sahara, ndugu zetu katika dini, ambao muziki wao wa gitaa siku hizi wasikika hadi Ulaya na Marekani. Ibrahim Ag Alhabib, mwanzilishi wa kundi la Tinariwen, alimpoteza babake angali mtoto katika uasi wa 1963 huko Mali, akakulia ukimbizini Algeria. Gitaa lake la kwanza alilitengeneza kwa mkebe, kijiti na waya wa breki ya baiskeli. Miaka ya 1980, aliyetaka nyimbo zao alipeleka kanda tupu akarekodiwa, naye akamnakilia mwenziwe, mpaka sauti zao zikavuka jangwa katika mifuko ya wasafiri. Lisilotajwa sana ni kwamba gitaa hilo limerithi mdundo wa kina mama. Ngoma yao ya tende, ambayo ni kinu kilichowambwa ngozi, hupigwa na wanawake. Vilevile imzadi, chombo cha uzi mmoja ambacho ujuzi wake UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2013, hupigwa na wanawake peke yao.

Sisi nasi tulikuwa na kanda zetu. Mbwana Radio Service, hapa Mji wa Kale, iliuza kanda za taarabu, nyingi zikiwa zimenaswa harusini: Juma Bhalo, Zuhura Swaleh, na Zein l'Abdin wa Lamu na udi wake. Juma Bhalo aliimba mashairi ya Ahmad Nassir, mtunzi wa Malenga wa Mvita, kwa hiyo nyumba yenye kanda zake ilikuwa na diwani ya kusikiliza. (Twajua wamo miongoni mwa wasomaji wetu wasiosikiliza ala za nyuzi, na wanazuoni wana kauli zao. Leo hatuingii humo.)

Lakini kanda za shangazi si za dukani. Zilinaswa upande wa kina mama: vugo, lelemama, vigelegele, na mama mmoja akimwimbia bintiye huku akilia. Wakati wa ushindani wa Kingi na Skochi, vyama vya lelemama vya Mombasa, bibi zetu waliimba kwa uhuru kwa sababu walijua ni nani aliyekuwamo uani. Uhuru huo ulikuwa amana. Siku hizi kijana huhamisha kanda kwenye simu, akaituma kwa jamaa, na kabla ya alfajiri imefika kwa watu asiowajua. Tumeiona familia moja ikisikia sauti ya mama yao, aliyekwisha kutangulia mbele ya haki, kutoka katika simu ya dereva wa tuktuk.

Kuziacha zioze si jawabu. Hewa ya kisiwa hiki ina unyevu na chumvi. Ukungu huota, utepe hugandana, na redio kuukuu huutafuna. Izungusheni kanda polepole kwa kalamu ya risasi kabla ya kuicheza, na mkiona unga mweupe, msiicheze kabisa hadi isafishwe na fundi. Anayenakili kanda za kina mama na awe mwanamke wa nyumba hiyo. Andikeni jina la bibi harusi, mtaa na mwaka, maadamu wapo wanaokumbuka. Na kabla nakala haijatoka mlangoni, aulizwe mwenye sauti, au wanawe.

Sisi tulianza na ile ya siku ya pili. Tulimpelekea bibi mmoja wa Kuze, jirani wa zamani wa shangazi, tukaicheza taratibu. Aliitambua sauti yake kwenye ubeti wa pili, akajifunika uso kwa leso, akacheka.

"Wajukuu wangu wasikie," alisema, "waje hapa, wakae kitako, niwaeleze kila neno. Kwenye simu, la."

Nakala yake tumemwachia. Zimebaki 13.