Mpokea vielelezo naye akumbukwe



Natoa maoni yangu juu ya wafanyakazi ambao wananchi wengi hatuwajui, ingawa maisha ya watu yamo mikononi mwao. Sisemi juu ya madaktari wala mahakimu. Nasema juu ya wale wanaohudumia wateja wa maabara za uchunguzi wa jinai: anayepokea kielelezo na kukiandika kwenye rejista, anayempigia simu askari wa wilayani kumwambia kuwa fomu yake ina kasoro, na anayefuatilia mpaka taarifa imfikie aliyeiomba.

Nitaeleza kwa nini jambo hili limenigusa. Miaka michache iliyopita, katika kijiji kimoja kisicho mbali na hapa, watoto wawili wa nyumba moja walikula chakula cha jioni, usiku wakatapika, na mmoja akafariki kabla ya kupambazuka. Chakula kilikuwa kimepikwa na bibi yao. Kabla hata ya mazishi minong'ono ilikwisha anza. Sisi wa Usukumani tunajua minong'ono ya namna hiyo humpeleka wapi kikongwe ambaye macho yake yamekuwa mekundu kwa moshi wa jikoni.

Kiongozi mmoja wa kijiji alifanya jambo la busara. Aliwazuia vijana, akasema mabaki ya chakula yapelekwe yakapimwe. Lakini ugali, mboga na matapishi vilitiwa pamoja katika kopo moja lililokuwa na dawa ya pamba, likasuuzwa kwa maji tu. Kopo hilo likakaa siku mbili kwenye joto likisubiri usafiri. Mimi niliombwa kuandika barua ya kulisindikiza, kwa kuwa ni mwalimu. Nikaandika "mabaki ya chakula", basi. Sikuandika nani aliyachukua, saa ngapi, wala kwamba kopo lilikuwa la dawa.

Jibu lilipokuja lilisema kuwa sumu imeonekana, lakini haikuwezekana kujua kama ilitoka kwenye chakula au kwenye chombo. Kijijini watu walisikia maneno mawili ya kwanza tu: sumu imeonekana. Bibi yule alihama usiku akaenda kwa ndugu zake. Mpaka leo hakuna aliyemtia hatiani wala aliyemsafisha. Kosa hilo halikuwa la mashine wala la mtaalamu. Lilikuwa letu sisi tuliolipeleka kopo, na mimi nimo.

Baadaye nilibahatika kuzungumza na mtu mmoja anayeifanya kazi hii ya kuhudumia wateja wa maabara. Nilidhani ni kazi ya kukaa mezani. Kumbe siku yake huanza kwa kukagua lakiri: je, iko nzima? Namba ya kwenye bahasha ni ile ya kwenye fomu? Sahihi ya aliyeleta ni ya yule aliyeandikwa? Nguo yenye damu imekaushwa na kuwekwa kwenye bahasha ya karatasi, au imefungwa mbichi kwenye nailoni mpaka ikaota ukungu? Kila kosa analoliona asubuhi linamwokoa mtu kizimbani baadaye. Halafu hugeukia ndani: kemikali za kupimia zimebaki kiasi gani, zipi zinakaribia kupitwa na muda, mashine ipi inasubiri fundi. Huku polisi wanamwuliza taarifa iko wapi, huku wataalamu wanamwambia asiwaharakishe. Analaumiwa na pande zote mbili, na kesi ikienda vizuri hakuna anayemtaja.

Nchi yetu si ngeni katika mambo haya. Maabara ambayo leo ni Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali ina asili yake mwaka 1895, wakati wa Wajerumani. Ilifanywa kuwa Wakala wa Serikali mwaka 1999, na sheria ya mwaka 2016 ikaifanya kuwa Mamlaka. Ina ofisi za kanda, na ya Kanda ya Ziwa iko hapa Mwanza. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 inairuhusu mahakama kupokea taarifa ya mkemia kuwa ushahidi. Nayo Mahakama ya Rufani, katika Rufaa ya Jinai Namba 110 ya mwaka 2007, ilieleza wazi kwamba safari ya kielelezo lazima iwe na kumbukumbu tangu kinapokamatwa, kinapotunzwa, kinapohamishwa, mpaka kinapochunguzwa. Kwa hiyo kumbukumbu ya mpokeaji ni sehemu ya ushahidi wenyewe.

Wakubwa wa dunia nao walijifunza jambo hili kwa taabu. Mwaka 1984 mtaalamu wa Uingereza, Alec Jeffreys, aligundua njia ya kumtambua mtu kwa vinasaba. Miaka miwili baadaye njia hiyo ilimwokoa kijana aliyekuwa amekiri mauaji ambayo hakuyafanya. Lakini polisi walipowaita wanaume wa vijiji vile watoe damu, mwuaji mwenyewe alimtuma mwenzake akatoe kwa jina lake, na kipimo hakikuonyesha kitu. Mashine ilisema kweli juu ya damu iliyopewa. Udanganyifu ulipita mlangoni, pale damu ilipopokewa. Mwuaji alikamatwa baada ya mwenzake kuropoka, akahukumiwa mwaka 1988.

Wenzangu wa Mwanza watakumbuka pia mwaka 1999, Umoja wa Ulaya ulipofunga soko la samaki wa Ziwa Victoria kwa hofu ya uvuvi wa sumu. Wavuvi waliovua kwa nyavu zao halali waliumia pamoja na wahalifu, kwani neno la mdomo halikutosha kuwatofautisha. Asiye na hatia huhitaji kipimo kuliko mwenye hatia.

Hata hivyo, liko jambo moja ningependa kulisisitiza. Siku hizi kila ofisi inahimizwa kumridhisha mteja. Hilo ni jema, lakini mteja wa maabara si kama mteja wa duka. Askari anataka jibu litakalofunga jalada, ndugu wa marehemu wanataka mtu wa kulaumiwa, na mtuhumiwa anataka aachiwe. Mhudumu mzuri anampa kila mmoja heshima, tarehe ya kweli na maelezo yanayoeleweka, lakini jibu lenyewe halibadilishi kwa ajili ya yeyote. Na kielelezo kibovu akikatae siku hiyo hiyo, tena aandike sababu, hata kama aliyekileta ni mkubwa wake.

Nawashauri wahusika mambo matatu. Kwanza, kila wilaya iwe na mfanyakazi mmoja wa kuziunganisha maabara na wateja wake, anayejulikana kwa jina kituoni, zahanati na ofisi ya kijiji, ili kiongozi aulize kabla ya kufungasha na si baada ya kuharibu. Pili, kila ofisi ya kijiji ibandikwe karatasi moja ya Kiswahili chepesi: kila kitu kiwekwe peke yake, chombo kiwe safi, aliyechukua aandike jina lake na saa, na mabaki ya chakula yasikae kwenye joto. Nasi walimu tuko tayari kuisoma mikutanoni, pamoja na wazee na sungusungu. Tatu, taarifa inaporudi, aje mtu wa kuwaelezea wananchi maana yake. "Haikuwezekana kujua" si sawasawa na "amefanya".

Hilo la tatu halihitaji mashine mpya wala fedha nyingi. Linahitaji mtu mmoja na nauli ya basi. Kama mtu huyo angefika kijijini siku ile, bibi yule pengine angekuwa angali anaishi nyumbani kwake.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Bujora, Kisesa,
Mwanza.