Wimbo Usio na Sanadi

Eldoret si pwani. Ni mahali pa baridi, mahindi na wakimbiaji, na ni jiji tangu mwaka 2024. Majuzi, katika mkahawa mmoja huko, redio ilipiga "Jambo Bwana". Kijana wa meza ya pili alikuwa akitusimulia habari za Beatles wa Liverpool, tangu kukutana kwao hata kuachana kwao mwaka 1970, asikose hata moja. Tukamwuliza: wimbo huu je, ni wa nani? Akajibu bila ya kusita: "Wa ile sinema ya simba."

Hatumlaumu. Habari za hao wa Liverpool ameletewa hadi mlangoni. Za hawa wa Mombasa nani aliyempa?

Basi na ijulikane. Wimbo huo ulitungwa na Teddy Kalanda Harrison wa bendi ya Them Mushrooms, iliyoundwa na yeye na nduguze huko Mombasa mwaka 1972. Walipiga katika mahoteli ya pwani, mbele ya watalii, na sahani ya wimbo huo ikatoka mwaka 1982. Mwaka uliofuata kundi la Boney M. la Ujerumani likautoa kwa namna yake. Sinema ya simba ilikuja mwaka 1994 na wimbo wake mwengine. Kisha mwaka 2003 wenye sinema wakasajiliwa "hakuna matata" kuwa alama yao ya biashara huko Marekani. Nao Mushrooms hawakukomea hapo. Walipiga rege na chakacha, wakarekodi na Malika wa taarabu na mzee Fundi Konde.

Wako watakaotwambia kuwa hukumu ya ala ina maneno kwa wanavyuoni. Kweli, lakini hilo ni jambo jengine. Haki ya mtu katika kazi yake ni ya kuchungwa. Sisi tuliokaa chuoni tulifunzwa kuwa kauli haipokewi ila kwa sanadi: fulani kapokea kwa fulani, hata kufika kwa mwenyewe. Na washairi wetu hutaja majina yao mwisho wa utenzi, kazi isije ikapata baba mwengine.

Kwa hivyo, enyi wenye kalamu wa pwani, kaeni na wanamuziki wetu maadamu wako wanaokumbuka. Ulizeni, andikeni, wekeni miaka na majina. Yule kijana wa Eldoret, tulipomtajia jina la Kalanda, aliliandika nyuma ya risiti ya chai. Anastahiki kupewa kitabu.