Aliyepewa Nusukaputi Hajalala

Lugha ina hila zake. Tunaposema kwamba mgonjwa ametiwa usingizi ili apasuliwe, nyoyo zetu hutulia, kwani usingizi ni rafiki wa kila mtu. Lakini usingizi wa dawa si usingizi wa kitandani. Aliyelala hugeuka, hukohoa mate yakimpalia, na huamka akitikiswa. Aliyepewa nusukaputi huenda asiweze hata moja kati ya hayo.

Nililitambua jambo hili nilipomuuguza shangazi yangu katika hospitali moja baada ya kupasuliwa tumbo. Alirejeshwa wodini akikoroma, nasi jamaa tukafurahi. "Mwacheni apumzike," mmoja wetu akasema. Muuguzi aliyekuwa akipita aliusikia mkoromo ule, akaacha alilokuwa akilifanya, akamwinua kidevu, akamwekea oksijeni na kumwita kwa sauti: "Mama, vuta pumzi! Niambie jina lako!" Ulimi ulikuwa umelegea ukaziba njia ya hewa. Tulichokiona kuwa usingizi mnono kilikuwa mwanzo wa kukosa hewa. Muuguzi huyo alikuwa peke yake, na wodi ilikuwa imejaa.

Wengi wetu hudhani kwamba hatari ya upasuaji huisha kisu kinapowekwa chini. Sivyo. Tangu William Morton aonyeshe matumizi ya etha mbele ya madaktari mjini Boston, tarehe 16 Oktoba 1846, dawa hizi zimeongezeka na kuboreka, ila kila moja ina mwendo wake wa kutoka mwilini. Mofini hutuliza maumivu, lakini pia huweza kupunguza kasi ya kupumua. Dawa za kulegeza misuli zisipokwisha nguvu, mgonjwa huweza kuwa macho asiweze kuinua kichwa wala kupumua vyema. Ganzi ya uti wa mgongo, ambayo hutumiwa sana kwa akina mama wanaojifungua kwa upasuaji, huweza kushusha shinikizo la damu ghafla.

Hebu tutazame mfano mmoja. Mgonjwa aliyezidiwa na mofini hupewa naloksoni, na baada ya dakika chache hufumbua macho. Jamaa hushukuru Mungu. Hata hivyo, nguvu ya naloksoni aghalabu huisha kabla ya ile ya mofini, hivi kwamba baada ya muda wa saa moja hivi mgonjwa huweza kuzama tena. Muuguzi alijuaye hilo habanduki pale kitandani. Asiyelijua huandika kwamba mgonjwa amezinduka, akaenda zake. Wepesi wa kudunga sindano hautoshi kumwokoa mgonjwa huyo. Kinachomwokoa ni elimu.

Wapo watakaosema kwamba kazi hii ni ya daktari wa nusukaputi. Ni kweli kwamba yeye ndiye mwenye dhamana ya dawa hizo. Lakini mara nyingi daktari huyo amekwisharudi ndani kumshughulikia mgonjwa mwingine. Anayebaki kuhesabu pumzi ni muuguzi.

Kwa hivyo, yapo mambo matatu yasiyofaa kuahirishwa. Kwanza, vyuo vya uuguzi vifundishe dawa hizi kwa vitendo, wala si kwa kukariri majina ya mtihani, na wauguzi walio kazini warejeshwe darasani mara kwa mara. Pili, muuguzi anayemlinda mgonjwa anayezinduka asibebeshwe wodi nzima. Hakuna ujuzi unaoweza kuwa vitandani ishirini kwa wakati mmoja.

La tatu ni letu sisi watu wa lugha. Wauguzi wetu husomeshwa kwa Kiingereza, ilhali mgonjwa anayezinduka hujibu kwa lugha iliyo karibu na moyo wake. Akinong'ona, "Kifua kimenibana," je, analalamikia maumivu au anakosa pumzi? Ikiwa ni maumivu, huenda akahitaji dawa zaidi. Ikiwa ni pumzi, dawa hiyo hiyo huenda ikammaliza. Muuguzi hana budi kujua swali la pili la kuuliza, na kuliuliza kwa maneno ambayo mtu mwenye fahamu nusu ataelewa. Katiba ya 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Urasmi huo hauna maana ukikomea bungeni usifike kando ya kitanda cha mgonjwa.

Walimu wenzangu, tusiwaambie wanafunzi kwamba Kiswahili ni cha washairi na biolojia ni ya madaktari. Msichana anayejifunza leo kutofautisha maana mbili za sentensi moja huenda kesho akaokoa maisha kwa ujuzi huo.

Wahenga walisema, usione vyaelea, vimeundwa. Mgonjwa anayefumbua macho na kuuliza watoto wake wako wapi hakufika hapo kwa bahati. Kuna mtu aliyesimama kando yake akizihesabu pumzi zake. Mtu huyo apewe elimu, wenzake wa kumsaidia, na lugha ya kazi yake. Nusukaputi, kama jina lenyewe linavyodokeza, humwacha mtu nusu. Nusu ile nyingine imo mikononi mwa muuguzi.